Taa ya Saa Nane Usiku

Kwa zaidi ya mwaka mzima, watu wa mtaa wetu hapa Ujiji waliniona mcha Mungu wa kutolewa mfano. Sikuwa. Nilikuwa mgonjwa, na kwanza sikujua. Siku nilipoanza kujua, niliona haya kusema, maana sifa zilikuwa zimeshakuwa nyingi.

Nayaandika haya kwenye daftari la shule alilonipa binti yangu Hawa, ambaye ni mwalimu. Namwandikia mtu mzima mwenzangu anayeona usiku hauishi na mchana hauna faida, akajiambia ndio uzee huo. Huenda si uzee. Mimi nilijiambia hivyo nikapoteza mwaka.

Naitwa Mwajuma, wengi huniita Mama Hawa. Nina miaka sitini na minane. Nimeuza mawese sokoni maisha yangu yote, mpaka magoti yalipogoma kubeba madumu. Mume wangu, Mzee Issa, alikuwa fundi wa maboti ya mbao, kazi yake kuziba nyufa kwa pamba na kuponya maboti ambayo wenzake wameshayakatia tamaa. Alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja: alikoroma. Miaka arobaini na moja nilimpiga kiwiko, akageuka upande wa pili, akakoroma upya. Nilimwambia mara nyingi kwamba akitangulia yeye nitalala usingizi wa raha. Mzaha huo sikuusahau.

Alitangulia yeye, mwishoni mwa mvua, kwa ugonjwa wa siku tatu. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa, wanawake wamelala mikekani mpaka mlangoni, na sikuona tofauti. Walipoondoka nikabaki na chumba kilichonyamaza. Nikalala, nikashtuka saa saba. Nikasubiri usingizi urudi, haukurudi. Kesho yake vivyo hivyo. Nikadhani ni msiba tu, utapita.

Kilichotuponza sote ni eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, hana pa kukimbilia. Sasa mtu akikukuta umekaa ukingoni mwa kitanda, kanga kuukuu, huongei, chakula umekisogeza pembeni, hashangai. Anasema huyu ana adabu na eda yake. Kila dalili niliyokuwa nayo ilikuwa na jina zuri tayari.

Na ile taa ndiyo ilikamilisha. Sikuweza kukaa gizani, kwa hiyo nilipoamka niliiwasha. Dirisha la chumba changu linatazama njia ya kuteremka mwaloni, ambayo wanawake huipita kabla ya alfajiri kwenda kupokea dagaa maboti yanaporudi. Waliona mwanga. Umeme ukikatika niliwasha taa ya sola, wakaona mwanga wa sola. Habari ikaenea.

Wa kwanza kunipa sifa alikuwa jirani yangu Tausi, mwanamke wa miaka hamsini na mitano hivi, anayekausha dagaa na kuwauza kwa debe. Aliachwa na mume zamani, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Ramadhani, mvuvi. Alikuja asubuhi akaketi sakafuni karibu na miguu yangu.

"Mama Hawa, jana nimeona. Saa saba taa inawaka, saa nane inawaka, saa tisa bado. Unasimama tahajudi mpaka sisi wengine tunajionea aibu."

Nilicheka kidogo. Sikukubali wala sikukana, na kwa mtu wa umri wangu kutokukana ni kukubali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshika tasbihi tu mkononi. Niliishika kwa sababu mikono ilitaka kitu. Sikuwa nahesabu chochote.

Nieleze mwili wangu ulivyokwenda, maana wengi tunaanza kulalamikia mwili kabla hatujautaja moyo. Kichwa kilikuwa kizito upande wa nyuma. Mgongo ulichoma. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, chakula nilichokula toka utotoni, kilinikaa mdomoni kama karatasi. Bangili yangu ya fedha, ambayo Issa alisema itakatwa siku nikifa kwa jinsi ilivyobana, ilianza kuteremka mpaka kwenye kiwiko nikiinua mkono. Siku moja nilipokuwa nafua ikadondoka kwenye beseni. Niliitazama pale majini muda mrefu, nikakosa hata hamu ya kuiokota. Hawa ndiye aliyeiokota, akaifunga kwenye leso akaenda nayo kwake Buzebazeba.

Alinipeleka zahanati mara mbili. Nilipimwa malaria, hakuna. Nilipimwa presha, ilikuwa juu kidogo, nikapewa vidonge. Nilipimwa sukari, hakuna. Waliniuliza naumwa wapi nikaonyesha kichwa, mgongo na kifua. Hawakuniuliza usingizi na mimi sikuutaja. Ningeanzaje, wakati Hawa amekaa pembeni yangu anamwambia muuguzi kwa fahari kwamba mama yake ni mtu wa ibada za usiku?

Eda ilipokwisha, Hawa na wanawake wa jamaa walikuja kunikosha na kunivika nguo mpya. Walitia ubani, wakapika pilau. Nilipaswa kutoka siku ile niwasalimie watu. Nilifika mlangoni nikaona jua, nikaona nyuso, nikarudi ndani nikasema kichwa kinauma. Tangu siku hiyo nikawa na eda yangu mwenyewe isiyo na mwisho. Watu wakazidi kunisifu: Mwajuma ameiacha dunia.

Wakaanza kuleta maombi. Huyu binti yake hapati mimba, yule mwanawe anafanya mtihani, mwingine mguu haupoi. Ningewaombeaje, na kichwa changu kimejaa pamba? Nilisema inshallah. Walipoondoka niliwasahau majina. Mchana nilisinzia kwenye kiti, kidogo kidogo, halafu usiku macho makavu.

Mambo yalifika pabaya kiangazi cha mwaka uliofuata, ule upepo wa kusini ulipokuwa unavuma. Boti la kina Ramadhani lilitoka jioni kwenda kuvua, asubuhi halikurudi. Siku ya pili halikurudi. Tausi alikuja kwangu bila viatu. Hakulia. Alinishika vifundo vya mikono miwili akasema nikae na mwanawe usiku huo, yaani nimuombee. Nikamwambia nitakaa naye.

Sikukaa naye. Nilikaa kitandani na taa yangu. Nilijaribu kusema jina la yule kijana, likapotea katikati. Nitasema kitu ambacho sijapenda kukisema. Katika miezi yote ile, dua moja tu ndiyo niliyoiomba kwa moyo wangu wote, nayo ilikuwa ni kumwomba Mungu anichukue. Sikutaka kujidhuru. Nilitaka nisiwepo, kama taa inavyozimwa na mtu mwingine. Na usiku ule, mama wa watu akiwa anasubiri mwanawe, nilichoomba ni kile kile.

Siku ya nne boti likavutwa na wenzao likarudi. Mashine ilikuwa imekufa na upepo ukawasukuma upande wa Kongo. Wote wazima, wameungua jua tu. Tausi alikuja na migebuka wanne, samaki wakubwa wa ziwani, amewabeba kwenye beseni kichwani, na wanawake watatu nyuma yake.

"Mungu anakusikia wewe," aliniambia. "Chochote unachomwomba usiku, anakupa."

Mimi nilijua nilichokuwa naomba. Kama ni kweli ninasikilizwa, basi siku zangu ni chache, na nitakufa nimekula samaki wa mtu kwa dua ambayo sikuiomba. Niliogopa. Ni ajabu, mtu aliyetamani kufa miezi mingi akaogopa kufa kwa sababu ya migebuka wanne. Lakini hofu ile ilikuwa kitu cha kwanza kilicho hai nilichokihisi tangu Issa afariki.

Hawa alipokuja Jumamosi nilimwambia yote. Nilimwambia siswali usiku, sijaswali hata rakaa moja ya tahajudi, silali tu, na ninamwomba Mungu nife.

Alikasirika. Aliniuliza kama nataka watu waseme mama yake amerukwa na akili. Alisema mume wake, wakwe zake, walimu wenzake, wote anawasimulia habari zangu, sasa atawaambia nini? Aliosha vyombo vyangu vyote kwa kelele, hata vilivyokuwa safi, akaondoka bila kuaga vizuri. Nilimwelewa. Mwanangu alikuwa amefiwa na baba, na sifa yangu ndiyo iliyokuwa imebaki ya kujivunia. Lakini niliumia, sitasema uongo.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa mlangoni, ameomba ruhusa shuleni. Macho yamevimba.

"Mama, mimi ndiye niliyekusifu kuliko wote," alisema. "Nilikuwa nakuona unakonda na bado nakusifu. Vaa twende."

Tulikwenda hospitali. Yapo mabenchi ya mbao kwenye baraza ya kliniki ya afya ya akili, na jambo la kwanza nililofanya ni kuvuta ushungi usoni nisijulikane. Nilikaa pembeni kabisa. Pembeni yangu akaja bibi wa Kiha kutoka vijijini, amesindikizwa na mkwewe, akapiga makofi taratibu na kunisalimia, "Mwakeye." Nikaitika kutoka ndani ya ushungi. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika kama mimi nimeleta mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ni mimi. Akasema, "Na miye ni miye," akafungua kikapu akanipa ndizi ya kuchoma. Tulikula tukisubiri faili. Ndizi ile niliionja. Ilikuwa na chumvi kidogo na majivu.

Tulisubiri kuanzia saa mbili hadi saa sita na nusu. Mtu asikudanganye, nusu ya kutibiwa ni kukaa benchi. Lakini kukaa benchi na watu wengine ni nafuu kuliko kukaa kitandani peke yako, hilo nililigundua siku hiyo hiyo.

Daktari alikuwa kijana wa kike, mtu wa Njombe, amehamishiwa Kigoma mwaka ule na bado analilalamikia joto. Alivaa msalaba mdogo shingoni. Alinipa shikamoo, akasoma karatasi za zahanati, akaziweka kando. Akaniuliza nalala saa ngapi na naamka saa ngapi. Hawa, kwa mazoea, akaanza kusema mama huamka kwa ibada. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia.

"Bibi, ukiwa macho saa nane, huwa unaswali kweli?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mtaa mzima, ndugu, wanawake wa msikitini, wote walijua jibu.

"Siswali," nikasema. "Nakaa tu."

Nikalia mbele ya mtoto wa watu mpaka ushungi ukalowa. Hakunikataza. Nilipomaliza alisema hii inaitwa sonona. Neno nilikuwa nalijua, nimesikia mioyo ya watu ikisonona toka nizaliwe, ila sikujua kama lina faili hospitali. Nikamuuliza kipi kilianza, usingizi kukatika au huzuni. Akasema kwa watu wazima vitu hivyo viwili huja vimeshikana mikono, kimoja kinamvuta mwenzake, na yeye atavitibu vyote bila kugombania nani alitangulia. Aliniuliza pia kuhusu ile dua ya kufa, aliuliza waziwazi bila kuzungukazunguka, na akamwambia Hawa nisilale peke yangu kwa muda. Hawa alihamia kwangu wiki sita. Mume wake alinung'unika, akazoea.

Nilipewa kidonge cha jioni. Wiki mbili za kwanza nilipata mdomo mkavu na kichefuchefu tu, nikataka kuvitupa chooni. Hawa alivihesabu kila siku kama mitihani. Nikaambiwa nisisinzie mchana, nisinywe chai ya rangi baada ya alasiri, na asubuhi niamke saa ile ile hata kama usiku umekwenda vibaya, nitoke nje nikae juani. Nikikosa usingizi nisibaki kitandani kugombana nao, niende kiti cha sebuleni, mwanga uwe hafifu. Na kila Alhamisi nirudi kliniki kuongea. Nilimuuliza daktari kuhusu swala. Akasema yeye si mtu wa kunifundisha dini yangu, bali nimuulize anayejua. Nikamwendea bibi anayefundisha wanawake Kurani pale mtaani. Naye akacheka, akasema mgonjwa hadaiwi sunna, na kulala ili uamke alfajiri na akili timamu nako kuna thawabu zake.

Mambo ya kupona hayana mlango wa kuingilia, usiutafute. Mimi nilihesabu kwa miezi ya angani. Mbalamwezi ya kwanza, wavuvi wamebaki nyumbani kama kawaida yao, maana dagaa hawavuliki mwezi ukiwaka, nilikuwa bado naamka saa saba. Mbalamwezi ya pili nikaamka saa tisa. Kati ya ya pili na ya tatu nilikuwa na wiki mbaya mno, nikarudi nyuma kote, nikasema basi. Daktari akasema ameshaliona hilo kwa wengine na halimtishi. Mvua zilipoanza kupiga bati nililala kwa kelele yake, nikafikiri labda ndiyo niliyokuwa naikosa, kelele ya mtu. Nikamwambia Hawa. Akanunua feni kuukuu inayokwaruza. Naomba msinicheke, ile feni inakoroma vizuri kuliko marehemu.

Bangili ilirudi mkononi mvua zilipokuwa katikati. Bado inapwaya, lakini inakaa.

Nilipona mengi ila moja. Mtaani nilikuwa bado yule Mwajuma wa ibada. Hawa alisharudi kwake, na mimi nilikuwa nalala nimeacha taa inawaka. Naam, kwa makusudi. Nilikuwa nalala na taa ili watu wasijue kwamba sikeshi tena. Wahenga wanasema mficha maradhi, kilio humuumbua. Daktari aliponiuliza siku moja kama taa hainisumbui, nikaona aibu ya kweli. Alhamisi hiyo hiyo, baada ya isha, nikaizima.

Niliamshwa na ngumi mlangoni. Kulikuwa kumekucha, jua liko kwenye ukuta. Nilikuwa nimelala hata alfajiri imenipita, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu nivunje ungo. Nje nilisikia wanawake wengi na sauti ya mmoja analia kwa kwikwi. Nikafungua mlango na kanga ya kulalia, nywele zimesimama, alama ya mto shavuni.

Walikuwa kama kumi. Mabeseni ya dagaa yamewekwa chini njiani, wameacha biashara mwaloni. Tausi alikuwa mbele, kanga ya pili ameshaitupa kichwani kama mtu anayeingia msibani. Aliponiona akakaa chini pale pale.

"Taa ilikuwa imezimwa," alisema. "Usiku wote. Tumejua umekufa."

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Nikaona nikiacha nafasi hiyo sitaipata tena. Nikawaambia wote pale mlangoni, bila ushungi. Nikasema sikuwa naswali, nilikuwa naumwa, natibiwa, na Alhamisi naenda kliniki ya hospitali. Nikamwambia Tausi kwamba mwanawe aliokolewa na Mungu bila msaada wangu, na migebuka wale niliwala kwa dhuluma, anisamehe. Nilingoja waanze kunong'ona. Mmoja alisema, "Pole, mama." Mwingine alikumbuka dagaa wake jua limeshawapiga. Wakaokota mabeseni wakaenda mmoja mmoja. Mwaka mzima nilikuwa nimelilinda jambo ambalo lilichukua dakika tano kuisha.

Tausi hakwenda. Alibaki amekaa kizingitini, anaipindapinda ncha ya kanga yake. Nikakaa pembeni yake, na ndipo nilipong'amua, kwa kuchelewa sana, na mimi ninayejisifu kuwa na macho. Wanawake wengine waliiona taa yangu wakipita kwenda mwaloni, karibu na alfajiri. Saa saba, saa nane, saa tisa, hizo zote alinihesabia yeye.

"Tausi," nikamuuliza, "wewe ulijuaje taa yangu inawaka saa nane?"

Alisubiri mpaka wenzake walipopinda kona.

"Yangu huwa naizima," akasema. "Nisionekane. Naitazama yako."

Tangu lini, nikauliza. Akasema tangu Ramadhani alipoanza kuvua, ila tangu boti lile lipotee hali imezidi, na siku hizi hata dagaa anawaanika basi tu, hajali wakauke au waoze. Usiku wa jana alikosa cha kutazama. Akaniambia ulikuwa usiku mrefu kuliko wote.

Nilimshika mkono. Ulikuwa na magamba ya dagaa na ulikuwa mwembamba, nami nilikuwa nauona kila siku.

"Hiyo Alhamisi," akaniuliza, "mnakwenda saa ngapi?"

Nikamwambia saa mbili, ila tuwahi benchi. Nitampitia.